Nafasi ya 4 na nafasi ya 6: uchambuzi wa safu ya diski iliyougua Chake Chake

Jumanne asubuhi, katika ofisi moja ya Chake Chake inayoskani na kuhifadhi hati za zamani, faili zilianza kufunguka kwa kusuasua. Picha ya ukurasa mmoja, iliyozoeleka kufunguka papo hapo, ilichukua sekunde saba au zaidi. Picha mbili hazikufunguka kabisa. Kwenye uso wa seva, taa ya nafasi ya 4 ilikuwa nyekundu na nyingine tano kijani. Diski mpya ya akiba ilikuwamo kabatini. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuchomoa yenye taa nyekundu, kuchomeka mpya na kuiacha safu ijijenge upya usiku kucha. Hapa hatua hiyo ingepoteza hati, kwa sababu diski iliyokuwa inakufa ni ya nafasi ya 6, yenye taa ya kijani.

Seva yenyewe ni ya kawaida. Inaendeshwa na Linux na ina kadi ya HBA (inayounganisha diski na seva) isiyofanya yenyewe RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mbele kuna nafasi 8 zilizoungwa kwa kebo mbili za SFF-8087, kila kebo ikihudumia nafasi nne. Nafasi 1 hadi 6 zina diski za 4 TB za daraja la NAS (zilizoundwa kwa seva za kuhifadhi faili), zilizofungwa pamoja kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu za diski, kuwa RAID 5 moja iitwayo md0, yenye ujazo wa 20 TB. Nafasi 7 na 8 ni tupu. Mfumo wa uendeshaji umekaa kwenye diski ndogo ya chipu (NVMe) peke yake, na hilo lilisaidia sana baadaye. Nakala ya akiba hupelekwa Unguja kwa boti kila wiki mbili. Ya mwisho ilikuwa na umri wa siku tisa.

RAID 5 inavumilia kupotea kwa diski moja tu. Ikishapotea, kila sekta ya diski zilizobaki inakuwa nguzo pekee. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutogusa kitu. Seva haikuzimwa wala kuwashwa upya, maana kuwasha upya huweza kubadilisha majina ya diski na kulazimisha diski iliyochoka kuanza mzunguko upya, na si zote hufanikiwa. Kilichofanywa kwanza ni kuandika hali ilivyo:

cat /proc/mdstat
mdadm --detail /dev/md0
dmesg -T > /root/kisa-dmesg.txt
ls -l /dev/disk/by-id > /root/kisa-diski.txt

Mdstat ilionesha [6/5] [UUU_UU]: sdd, iliyo nafasi ya 4, imetolewa. Kumbukumbu za mfumo zilionesha saa: 02:14, yaani saa 8 na dakika 14 usiku, wakati kazi ya kutengeneza picha ndogo ndogo ikiendelea. Kiungo cha sdd kilikatika na kuanzishwa upya mara kadhaa, ombi moja la kuandika likashindwa, na md, sehemu ya Linux inayoendesha safu, ikaitoa diski. Hivyo ndivyo md inavyofanya: kosa la kusoma huvumiliwa na kurekebishwa, lakini diski iliyoshindwa kuandika hutolewa.

Mstari uliopaswa kumshitua fundi ulikuwa chini zaidi, saa 1 asubuhi, na ulihusu diski nyingine. Ulisema sdf, ya nafasi ya 6, imerudisha `Medium Error`. Maneno hayo mawili yana uzito wake. Kiungo kinachokatika kinaweza kuwa kosa la kebo, soketi, kadi au umeme. `Medium Error` inatoka kwenye sahani za diski yenyewe, ikisema nimejaribu kusoma hapa na sikuweza. Amri ya `iostat -x 5` ilithibitisha tatizo liko wapi: diski nne zilijibu maombi ya kusoma kwa milisekunde 9 hadi 14, sdf kwa wastani wa 640. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Zile sekunde saba nazo zina asili yake. Diski za NAS zimewekewa kikomo cha muda wa kuhangaika na sekta mbaya, na `smartctl -l scterc /dev/sdf` ilionesha 70, yaani sekunde 7.0. Ikifika hapo diski hukata tamaa na kutoa taarifa. Diski za kompyuta za mezani mara nyingi hazina kikomo hicho na huweza kung'ang'ania zaidi ya dakika mbili, huku kerneli ya Linux ikisubiri sekunde 30 tu kabla ya kukatiza kiungo. Anayejenga safu kwa diski za mezani aangalie hili kabla ya jambo lolote: aweke `smartctl -l scterc,70,70` kila seva inapowaka, na diski ikikataa, aongeze muda ulio katika /sys/block/sdX/device/timeout hadi 180.

Kisha zikasomwa namba za SMART, yaani vipimo ambavyo diski hujipima yenyewe, za diski zote mbili kwa `smartctl -x`. Matokeo ya jumla kwa zote mbili yalikuwa PASSED, na neno hilo lisimtulize mtu. Maana yake ni kwamba hakuna kipimo kilichovuka kikomo cha mtengenezaji, na kikomo hicho kiko mbali mno. Diski inaweza kuwa na mamia ya sekta mbovu na bado ikapasi. Zinazotazamwa ni namba ghafi za vipimo vichache.

Kwa sdd: kipimo cha 5 (sekta zilizohamishwa) kilikuwa 0, cha 197 (sekta zinazosubiri uamuzi) 0, cha 198 (sekta zilizoshindikana) pia 0. Lakini cha 199, kinachohesabu makosa ya CRC, kilikuwa 1,843. CRC ni hesabu ya kuhakiki data inaposafiri kati ya diski na kadi. Ikikosewa, data imeharibikia njiani, na diski haina hatia. Hesabu hii hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo 1,843 pekee haisemi kama kosa ni la leo au la miaka mitatu iliyopita. Inasomwa mara mbili, kwa tofauti ya saa moja ya kazi, na kinachotazamwa ni kama imepanda. Wakati huo md haikuwa ikiitumia sdd tena, kwa hiyo ilisomwa kwa `dd if=/dev/sdd of=/dev/null bs=1M count=20000`, ambayo haiandiki chochote. Hesabu ilipanda kwa 29.

Kwa sdf: kipimo cha 199 kilikuwa 0, cha 5 kilikuwa 8, na cha 197 na 198 vyote 24. Diski hii huhesabu sekta za baiti 512 ilhali ndani ina sekta halisi za baiti 4,096, kwa hiyo 24 ni sehemu tatu halisi. Sehemu tatu katika 4 TB ni kitu kidogo mno kwa macho, lakini katika RAID 5 iliyopungukiwa kila moja ni shimo.

Ushahidi wa mwisho ulitoka kwenye jaribio refu, `smartctl -t long`. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalitumii. Jaribio refu hufanyika ndani ya diski. Data haipiti kwenye kebo. Diski yenye kebo mbovu italipita bila doa, na diski yenye sahani mbovu italishindwa hata kama kebo ni mpya. Kwa sdd jaribio lilikamilika bila kosa baada ya saa nane. Kwa sdf halikuendeshwa kwanza, maana si busara kuikamua diski ambayo data yote imeiegemea. Liliendeshwa mwishoni, ilipokwisha kutolewa, na likakwama asilimia 40 ikiwa imebaki, kwenye sekta 4,702,518,336.

Basi picha ilikuwa hii: sdd ni nzima lakini imekaa kwenye soketi mbovu, sdf ni mbovu lakini bado ipo kazini. Kama diski mpya ingewekwa mahali pa sdd, ujenzi ungelazimika kusoma diski tano zilizobaki kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa wastani wa MB 130 kwa sekunde hiyo ni kazi ya saa nane na nusu hivi, na mahali fulani katikati ungefika kwenye sehemu zile tatu za sdf. Pariti ya RAID 5, data ya ziada ya hesabu iliyosambazwa kwenye diski zote, hukokotoa kipande kimoja kinachokosekana katika kila mstari, na hapo vingekosekana viwili. Md ingeandika sehemu hizo kwenye orodha yake ya sehemu mbovu na kuendelea, au, kama orodha hiyo imezimwa, ingeitoa sdf nayo na safu nzima ingeanguka. Kibaya zaidi, sdd yenye data nzima ingekuwa tayari imewekwa kando, pengine imefutwa.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa kumrudisha mzima kwanza, kisha kumbadilisha mgonjwa akiwa bado yumo ndani.

Kabla ya hapo maandishi yalisimamishwa kwa `mount -o remount,ro /hifadhi`. Kila kinachoandikwa wakati sdd iko nje kinaongeza tofauti kati yake na wenzake. Halafu kazi ya siku tisa ambayo haikuwamo kwenye nakala ya Unguja, GB 61, ilinakiliwa kwa rsync kwenye diski ya nje. Ilichukua kama dakika 17. Picha mbili zilikataa na majina yake yakaandikwa. Kunakili kunaisomesha sdf, na hiyo ni hatari kidogo. Lakini kilicho mahali pamoja tu lazima kipate mahali pa pili kabla ya kugusa bisibisi.

Kisha swali: je, sdd imeachwa nyuma kiasi gani?

mdadm --examine /dev/sd[a-f]1 | grep -E 'sd|Events'
mdadm --examine-bitmap /dev/sda1

Hesabu ya matukio ilikuwa 48,212 kwa diski tano na 48,169 kwa sdd. Safu hii ilikuwa na ramani ya biti, daftari dogo ambamo md huweka alama ya kila eneo lililoandikwa. Eneo moja ni MB 64, maeneo yote ni 59,615, na yenye alama yalikuwa 311. Yaani karibu GB 20 tu ndizo zilizohitaji kusawazishwa kwenye sdd, badala ya 4 TB. Bila ramani hiyo hesabu ingekuwa nyingine kabisa, na safu isiyo nayo inaongezewa leo leo kwa `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0`, mradi ni nzima. Hatari iliyobaki ilikuwa sehemu mbovu za sdf kuangukia ndani ya yale maeneo 311, ambayo ni chini ya asilimia 1 ya diski.

Sdd iliondolewa md0 kwa `mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdd1`. Kabla ya kuichomoa ilihakikishwa kwa namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo ya trei, ikilinganishwa na ile ya smartctl. Taa ya nafasi haitoshi. Seva hii ilikuwa na `ledctl locate=/dev/sdd` ya kuwasha taa ya buluu; pasipo na taa hiyo, kusoma kwa dd hufanya taa ya shughuli imemeteke mfululizo, na hiyo nayo ni ishara nzuri. Kuchomoa diski isiyo yake katika safu iliyopungukiwa ni kosa linalofanyika kwa sekunde moja.

Diski ikahamishiwa nafasi ya 7, kwenye kebo ya pili. Ilirudi kwa jina lile lile la sdd, kwa sababu herufi ilikuwa imeachiwa. Kama isingeondolewa kwanza ingekuja kama sdg. Herufi hazina ahadi yoyote. Ilisomwa tena GB 20 kwa dd na hesabu ya CRC haikusogea hata moja. Hapo ndipo ilipoandikwa:

mdadm /dev/md0 --re-add /dev/sdd1

Neno ni `--re-add`, si `--add`. Amri ya pili huweza kuichukua diski kama mgeni na kuanza ujenzi wa 4 TB, tena kwa kuisoma sdf yote. Usawazishaji ulimalizika chini ya dakika nne, mdstat ikasoma [UUUUUU], na `mdadm --examine-badblocks /dev/sdd1` haikuwa na kitu, yaani hakuna eneo lililoshindikana. Picha mbili zilizokataa asubuhi zikafunguka, kwa sababu sasa pariti ilitosha kukokotoa kilichokosekana kwenye sdf.

Diski mpya iliingia nafasi ya 8 kama sdg. Mambo mawili huangaliwa wakati wa kununua, maana kuirudisha Dar es Salaam au Unguja ni siku za boti na za kusubiri. La kwanza, idadi ya sekta isiwe pungufu ya zilizopo: 7,814,037,168 kwa diski za 4 TB. La pili, isiwe ya SMR, zile ambazo mistari yake ya kuandikia data hupandana kama makuti ya paa. Kwenye ujenzi wa safu, diski hizo huenda kasi mwanzoni kisha zikazama hadi ujenzi wa saa nane uwe wa siku kadhaa. Sanduku halisemi, hutafutwa namba kamili ya modeli kwenye karatasi ya mtengenezaji. Diski hii ilipewa jaribio refu kabla ya kupewa data, kisha patisheni zikanakiliwa kutoka diski nzima:

sgdisk -R /dev/sdg /dev/sda
sgdisk -G /dev/sdg
mdadm /dev/md0 --add /dev/sdg1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdf1 --with /dev/sdg1

Mstari wa kwanza usomwe mara mbili: inayotajwa kwanza baada ya -R ndiyo inayoandikwa juu yake. Ukigeuza mpangilio, jedwali la sda limekwenda.

Uzuri wa `--replace` ni kwamba sdf haitoki mpaka mrithi wake akamilike. Data inanakiliwa moja kwa moja kutoka sdf, na pale sdf inaposhindwa, kipande hukokotolewa kutoka kwa wenzake watano. Safu haipungukiwi hata dakika moja. Kazi ilianza saa 11 jioni na kwisha kabla ya saa 9 usiku, jenereta ikiwa imejazwa mafuta. Umeme wa Pemba huja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, lakini UPS ya dakika 20 haitoshi kwa usiku kama huo. Hata hivyo, ukikatika katikati si mwisho wa dunia: md huandika ilipofikia, na huendelea ikizimwa vizuri.

Siku ya pili `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action` ilipitia safu yote na mismatch_cnt, hesabu ya sehemu zisizolingana na pariti, ikabaki 0.

Sdf nayo ilijaribiwa hadi mwisho. Ilipoandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho, kipimo cha 197 kilishuka hadi 0 na cha 5 kikapanda kutoka 8 hadi 32. Wapo wanaoishia hapo na kuirudisha kazini. Iliposomwa yote mara ya pili, sekta 16 mpya zikaanza kusubiri. Diski inayozaa sekta mbaya mpya baada ya kusafishwa haina dawa.

Ilibaki soketi ya nafasi ya 4. Kosa lingeweza kuwa kwenye kebo au kwenye bodi ambayo diski huchomekwa. Seva ilizimwa, diski zote sita zikavutwa nje na kupangwa kwa namba, ikawekwa diski moja ya zamani ya 500 GB isiyo na kitu. Kebo mbili zikabadilishana. Kama kosa lingekuwa la kebo, lingehamia nafasi ya 8. Liliganda nafasi ya 4, CRC ikipanda kila baada ya GB chache. Kwa tochi na kioo cha kukuzia, pini mbili zilikuwa na ukoko wa kijani.

Ukoko huo una historia. Umeme ukikatika, kiyoyozi hunyamaza pamoja na seva, na watu hufungua madirisha kupata hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande kwenye chuma chochote kilicho chini ya nyuzi 26, na uso wa seva ulikuwa umepulizwa baridi ya nyuzi 19 mchana kutwa. Ongeza chumvi ya pwani, na kila katiko la umeme linakuwa tone jingine kwenye pini. Suluhisho ni dirisha kubaki limefungwa mpaka chuma kipate joto la chumba, na kiyoyozi kuwekwa nyuzi 24 badala ya 19. Diski hazihitaji baridi kali. Zinahitaji joto lisilopanda na kushuka.

Na sehemu tatu za sdf, kwa nini hazikuonekana mapema? Mfumo ulikuwa umepangwa kufanya ukaguzi wa safu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku. Seva ilikuwa ikizimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu, ili kubana umeme. Ukaguzi haukuwahi kukimbia hata mara moja. Ungekimbia, md ingekuta sehemu hizo wakati pariti imekamilika, ingezikokotoa na kuziandika upya, na ongezeko la kipimo cha 5 lingekuwa onyo la mapema. Barua za onyo nazo zilikuwa zikienda kwa root, sanduku lisilofunguliwa na mtu. Sasa ukaguzi unafanyika usiku wa Jumatano ya kwanza ya mwezi, smartd (programu inayofuatilia SMART) inaendesha jaribio refu kila Jumatano nyingine, na MAILADDR ina anwani za watu wawili wanaozisoma.

Nafasi ya 4 imezibwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi na maandishi "Usitumie" mpaka bodi mpya ifike. Pini zilisafishwa kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, na CRC ilitulia kwa siku mbili, kisha ikapanda tena kwa 3.